Punje za Njano Walizokula Kuku

Chumba cha pili kutoka bombani,
Nyuma ya mashine ya kusaga.
Jumatano, baada ya kufua.

Mpendwa binti yangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo mwanangu? Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la hilo ghala? Yule mwenzako wa chumbani aliyekuwa anaumwa jino, ameling'oa au bado anazunguka na kitambaa shavuni? Mimi sijambo. Goti la kushoto linaniambia mvua inakuja kabla ya mawingu kujua, la kulia limeamua kunyamaza. Mwanao ni mzima. Uzima wake ukoje nitakueleza huko mbele, maana ndio uliotufikisha hapa.

Anayeniandikia ni yule yule fundi cherehani wa chumba cha tatu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipunguze makali wala asinitilie adabu ambazo sijazitamka. Ameiweka kando kazi ya mteja, na mteja mwenyewe amekaa hapa hapa anasikiliza. Na asikilize. Ningeweza kuazima simu, lakini kwenye simu utalia, na ukilia mimi nasahau hasira yangu. Leo sitaki kuisahau.

Barua yako ilifika Ijumaa, imekunjwa vizuri, mwandiko umenyooka. Fundi amenisomea mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani amechukua barua ya mtu mwingine. Mara ya pili nilimwambia asome polepole. Mara ya tatu, alipofika pale unaposema wifi yako atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kumchukua mtoto, "na naomba, Mama, usimzuie", aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta sindano.

Nisimzuie. Yaani mimi sasa ni askari wa getini.

Unasema mtoto amepauka kama karatasi na analala kutwa. Unasema tangu umwachishe ziwa ukaenda kazini umekuwa ukinitumia mchele mzuri, na mtoto anayekula mchele ule hapungukiwi damu, kwa hiyo anayeula si yeye. Halafu unaandika, kwa huo mwandiko wako mzuri, kwamba wifi yako amemwona mama yako kwa macho yake akiwamwagia kuku mchele huo. Binti yangu, wewe nilikubeba mgongoni huku nafanya kazi, ukalala juu ya magunia mpaka shavu lako likawa na alama za nyuzi. Leo unaniuliza kwa karatasi mchele unaliwa na nani.

Tuanze na huyo wifi yako. Marehemu mumeo alikuwa mtu wa kukaa na watu. Sijui dada yake alijifunza wapi kusimama. Alikuja, mkoba kwapani. Nilimpa kiti, akakifuta, kisha hakukikalia. Akamtazama mtoto, akawatazama kuku, akanitazama mimi, akasema ana haraka. Hakuuliza kitu. Mtu akiona jambo halieleweki nyumbani kwa mwenziwe huuliza. Yeye alilifunga ndani ya mkoba akakupelekea wewe likiwa bichi.

Lakini hakusema uongo. Andika hivyo hivyo fundi, usinitazame. Kuku wamekula mchele wako. Mwaka na nusu nimewapa kwa mkono huu huu. Sasa kaa chini nikueleze, na usirukeruke mistari kama ulivyozoea.

Mwanao hapa uani kila mtu anamwita Mzee. Lilianza kama mzaha, kwa vile akikaa kizingitini anaweka mikono magotini na kuguna kama mtu mwenye wajukuu. Kisha mzaha ukaisha utamu. Mapacha wa fundi wanakimbiza tairi, yeye amekaa. Wanamwita, anawaangalia kama mtu aliyekwisha kustaafu. Ngazi tatu za kwenda bombani anapumzika katikati. Chakula anakisukuma pembeni. Siku moja nikamkuta nyuma ya nyumba analamba ukuta. Nikamkanya. Kesho yake nikamkuta na mkaa mdomoni, anautafuna kama biskuti, meno meusi, na akanimegea na mimi kipande.

Nilidhani ni minyoo. Nilidhani anakukumbuka wewe. Siku nilipomgeuza kiganja nikaona hakina rangi, nikamshusha kope la chini nikakuta hakuna wekundu, sikungoja kuambiwa na mtu. Nilimfunga mgongoni, na magoti yangu haya, nikaenda naye kliniki. Hiyo ilikuwa siku mbili tu baada ya wifi yako kuondoka na haraka zake. Wiki ya tano sasa. Kwa hiyo wakati wewe unaandika barua ya kunishtaki, mtoto alikuwa ameshatobolewa kidole.

Nesi wa pale ni msichana mdogo kuliko wewe, kalamu ameichomeka kwenye nywele, maneno yake machache. Alichukua tone moja la damu akaliweka kwenye kimashine. Kikaonesha nane. Nikamuuliza nane ndiyo nini. Akasema mtoto wa miaka mitatu anatakiwa aanzie kumi na moja. Mwili wake umekosa madini ya chuma, ndiyo maana anachoka, ndiyo maana chakula hakitaki, na hata huo mkaa na ukuta mara nyingi huletwa na hilo hilo. Kisha akaniuliza anakula nini.

Hapo nikakaa sawa kwenye benchi, nikajivuna.

Wewe kazi yangu unaijua, lakini nataka mteja wa fundi naye aisikie. Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye sakafu ya ghala, ungo mapajani, nikichambua mchele wa watu. Darasani sikuingia hata siku moja, ila wasichana waliotoka madarasani waliletwa kukaa karibu nami waangalie mikono yangu. Msimamizi alikuwa anapita na kijiti chake. Akikuta punje moja iliyobadilika rangi, anaumwaga ungo mzima chini, unaanza upya. Punje ya njano ni punje iliyolowa na kuvunda. Ni aibu. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na vidole vyangu vinaijua hata nikiwa naongea na mtu, hata nikiwa nasinzia.

Basi mchele wako wa kwanza ulipofika, niliumwaga kwenye ungo hapo mlangoni penye mwanga. Nikaona. Katikati ya punje nyeupe, moja hapa, moja kule, punje za njano zilizofifia, hazing'ai, kama zimetoka kwenye gunia jingine. Moja katika mia, labda. Mwingine asingeziona. Mimi niliziona zote. Nikasema, maskini binti yangu, karani wa ghala zima, wanamchanganyia mchele mbovu na hajui. Nikazitoa. Moja moja, kila siku, kwa mwaka na nusu. Wali wa mwanao ulikuwa mweupe kama pamba. Zile za njano wakala kuku, na nyingine nikazihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, nakungoja uje likizo nikuoneshe wanavyokuchezea.

Yote hayo nilimwambia nesi kwa fahari, hata la kopo. Aliacha kuandika. Akaniomba kesho yake nirudi na mchele na kopo.

Nikarudi. Akamimina kiganjani, akazigeuzageuza kwa kidole. Hakucheka, angecheka ningemtukana. Akasema, "Bibi, hizi hazikuoza. Hizi zimetengenezwa. Madini yaliyoongezwa kwenye mchele huu yamo ndani ya hizi tu."

Akanieleza kwamba wanachukua unga wa mchele, wanaukanda na madini ya chuma na vitamini, wanaukata tena uwe na umbo la punje, halafu wanazichanganya kidogo kidogo na mchele wa kawaida. Ukipika zote pamoja, mtoto anapata chuma chake kila siku bila yeye kujua, damu isipungue. Nikamwambia arudie. Aliporudia nilikuwa naomba awe amekosea.

Nikamuuliza, "Sasa mimi nimempa nini mtoto?"

Akasema, "Umempa wali, Bibi. Chuma umewapa kuku."

Ungewaona hao kuku. Vilemba vyekundu kama vimepakwa rangi. Jogoo anawika saa saba mchana bila sababu, na mbwa wa mwenye mashine akimwona anazunguka kwa njia nyingine.

Nilirudi nyumbani nikakaa kizingitini, pale pale anapokaa yeye. Nikavitazama vidole vyangu. Binti yangu, kama ningekuwa mvivu, au macho yangekuwa yamekwisha kama ya wenzangu, mtoto huyu pengine angekuwa anakimbiza tairi. Huyu fundi nilikuwa namgawia bakuli la mchele huo huo kila nikifungua gunia. Yeye hachambui. Anaosha mara moja, anatumbukiza, na nimemsema sana kwa uchafu huo mbele ya watu. Mapacha wake ndio hao. Sasa hivi anacheka huku anaandika. Cheka tu mama, lakini andika.

Na gunia lenyewe. Kumbe limeandikwa, maneno mekundu makubwa upande mmoja: mchele ulioongezewa madini ya chuma, usiondoe punje zenye rangi tofauti. Nililikata lile la kwanza nikalifanya zulia la mlangoni, na upande wenye maandishi ndio nikauweka juu kwa sababu rangi ilinipendeza. Mwaka na nusu tumeyafutia miguu maneno hayo. Fundi huyu aliyesoma ndiye aliyelikunja kingo na kulishona, na hakusoma. Nilipomuuliza akasema yeye akishona haangalii maandishi, anaangalia mshono. Hapo hakucheka.

Sasa zamu yako.

Wewe ulijua. Ulijua ni mchele gani, uliuchagua makusudi kwa ajili ya mwanao, na hilo lingenifurahisha mpaka nikalia, kama ungelisema. Dereva wa lori ulimwandikia karatasi nzima, aliwahi kunionesha: gunia lisilowe, lisikae karibu na mafuta ya taa, lifungwe kamba mbili. Dereva, ambaye hapiki. Mimi ninayepika uliniandikia, "Mama, mchele huu ni mzuri." Basi. Ulifikiri nini? Kwamba mama hakusoma, hataelewa mambo ya madini? Mwanamke aliyeweza kutofautisha mchele wa magunia ishirini kwa kuunusa, angeshindwa kuelewa "usitoe za njano"? Ni maneno matatu tu, mwanangu. Uliyaweka wapi?

Tena unaijua kazi yangu kuliko mtu yeyote. Umekua ukiniona. Ulipaswa ujue kwamba punje ile haiwezi kupita mbele yangu ikabaki.

Na hao waliotengeneza. Nina neno nao pia, ingawa barua haitawafikia. Wamekaa huko na mashine zao wakahesabu chuma kiende wapi na kiasi gani, wakasahau kwamba kati ya gunia na mdomo wa mtoto kuna mwanamke na ungo. Anayetaka kutia afya ndani ya chakula cha mtoto aje kwanza jikoni amtazame anayepika. Aone mikono inavyokwenda. Kisha ndipo aandike gunia lake.

Nimeshapoa kidogo. Nikueleze tulipofika.

Nesi ametoa dawa ya maji ya kuongeza damu, na kijiko chake cha kupimia. Amenikazia kwamba mchele ule kazi yake ni kuzuia. Mtoto akishapungukiwa kiasi hiki, wali peke yake hautamrudisha haraka, lazima dawa kwanza, tena miezi mitatu bila kuruka hata akionekana amepona. Amepewa na ya minyoo. Alinionya kwamba choo kitakuwa cheusi nisije nikapiga kelele. Niliahidi, na asubuhi ile nikapiga kelele hata hivyo. Chai amenikataza kumpa pamoja na chakula, eti inakizuia chuma kisiingie mwilini, na mimi nilikuwa nampa kikombe kizima kila mlo ili achangamke. Badala yake nampa chungwa. Maharage anakula, mboga za majani anatema nusu, nyama tukiipata namkatia vipande vidogo.

Nilitaka kumwaga kopo lote ndani ya sufuria nilipe ya mwaka na nusu kwa siku moja. Nesi akaninyang'anya. Akasema chuma kikizidi nacho kinamdhuru mtoto, kazi yake ni kidogo kidogo. Kopo amelifungia kabatini, na siku za kupima uzito analitoa anawaonesha akina mama, anasema kuna bibi mmoja, hamtaji jina. Kisha benchi zima linageuka kunitazama.

Juzi tulirudi akatobolewa tena. Tisa na nusu. Bado, lakini imepanda.

Sasa Jumamosi. Wifi yako sitamfungia mlango. Aje, kiti kipo, na safari hii atakikalia. Lakini mtoto hatatoka hapa kwa mkono wa mtu aliyeona akaondoka bila kuuliza. Ni mwanao, si wangu. Mimi nimekushikia tu. Ukimtaka njoo mwenyewe. Kaa siku tatu. Mpe dawa kwa mkono wako akutemee shati. Nenda ukamsikie nesi, wewe uliyesoma, labda utaelewa zaidi yangu. Halafu utazame uso wake, utazame na wangu, ndipo useme. Ukisema aende, nitamfungashia nguo zake mwenyewe na chupa ya dawa nitaizungushia kitambaa isivunjike, na ungo wangu nitaufanya kuni.

Kosa ni langu na silikimbii. Wiki hizi tano sikukuandikia kwa sababu ya aibu. Nilikuwa nangoja namba ipande nipate pa kushika. Lakini njaa sikumtia, wala mchele wake sikuuchezea. Maneno hayo utayafuta, na utayafuta mbele yangu, kwa mdomo, si kwa karatasi.

Siku hizi mchele ninauchambua nusu nusu. Mawe natoa, chuya natoa, za njano naziacha. Vidole vinawasha. Fundi ananiambia niukalie mkono. Jana mchana nilimpakulia Mzee, nikaona punje moja ya njano ukingoni mwa sahani yake, iko peke yake, inanitazama. Mkono ukaenda wenyewe. Miaka ishirini na sita, mwanangu, haiulizi ruhusa. Nilipokaribia kuigusa, akaniwahi. Aliinasa kwa vidole viwili, akaitia mdomoni, akanikazia macho kama mwizi aliyeshinda. Kisha akasukuma sahani kuelekea kwangu, na safari hii haikuwa ya kukataa. Alitaka niongeze.

Nisalimie mwenzako wa jino. Nisalimie dereva, mwambie gunia lilifika kavu, yeye aliandikiwa vizuri. Mjomba wako anakusalimu, anasema na yeye alikula ule wali mweupe na ndiyo sababu ya uvivu wake, usimwamini. Fundi na mapacha wake wanakusalimu. Mteja wake pia, ambaye sasa anajua habari zetu zote, anakusalimu.

Mungu akulinde njiani, akupe kiti karibu na dirisha, na akufikishe kabla sijapata hasira nyingine.

Wako akupendaye hata akiwa amekukasirikia hivi,
Mama yako, ambaye Jumamosi atapika wali wa watu wanne.